Jasho la Mgeni Huko Korea

Tarehe 24 Juni, 2024, moto ulizuka katika kiwanda cha betri cha Hwaseong, Korea ya Kusini, ukaua watu 23. Kati yao 18 walikuwa wageni, karibu wote kutoka China, na wengi walikuwa vibarua walioletwa na wakala.

Yafaa ikumbukwe kwamba taifa hilo lenyewe liliwahi kufaidi jasho la wana wake walioko ugenini. Tangu 1963 hadi 1977 lilipeleka maelfu ya wachimba makaa na wauguzi Ujerumani ya Magharibi, na katika miaka ya sabini mafundi wake walikuwa Saudi Arabia wakijenga barabara na bandari. Leo vijana wa Korea huzikimbia kazi chafu, nzito na za hatari, nazo huachiwa Mnepali, Mkambodia na Mvietnamu.

Utaratibu wa vibali vya ajira ulioanza 2004 uliondoa baadhi ya maovu ya ule wa zamani, ambao ulimwita mfanyakazi mwanagenzi ili asidai haki zake. Hilo twalikubali. Lakini umemfunga mgeni kwa tajiri mmoja: hawezi kuhama bila ya idhini yake, isipokuwa athibitishe kosa la tajiri huyo, na nani atamtolea ushahidi? Mahakama ya Katiba ililiridhia jambo hilo mwaka 2021. Mwaka mmoja kabla, mwezi Desemba, mwanamke wa Kambodia alikutwa amekufa huko Pocheon, katika makazi yaliyo ndani ya banda la plastiki la kuoteshea mboga, wakati wa baridi kali.

Wako wasemao kwamba hili ni suala la rangi tu. Sisi hatuoni hivyo. Wachina wa asili ya Kikorea, walio damu moja na wenyeji, hudharauliwa vilevile, hali mwalimu mzungu wa Kiingereza hupokewa kwa heshima. Rangi ipo, lakini tabaka ndilo linaloipa bei.

Ndugu zetu wa visiwani waliofanya kazi Oman na kwingineko katika Ghuba wanakijua kifungo cha namna hii kwa jina la kafala. Basi maofisa wanaoshughulikia mikataba ya ajira ya nje wasitazame mshahara peke yake. Waulize, kabla ya kutia saini: kijana wetu akidhulumiwa, ataweza kumwacha tajiri bila ya kufukuzwa nchini? Na pasipoti yake itakaa mikononi mwa nani?