Mbio za magari zisiwe mali ya mfadhili mmoja

Uko mchezo Marekani ambao shindano lake humalizika kabla mtazamaji hajashusha pumzi. Magari mawili husimama sambamba katika njia iliyonyooka, taa huwaka, na katika muda usiofika sekunde 4 gari la daraja la juu huwa limekwisha kukata futi 1,000, yaani mita 305 hivi, kwa mwendo upitao kilomita 500 kwa saa. Hizo ndizo mbio za drag, zinazosimamiwa na chama cha NHRA kilichoasisiwa na Wally Parks mwaka 1951.

Chama hicho hakikuundwa ili kugawana faida. Hata hivyo, tangu mwaka 1975 ubingwa wake umekuwa ukiitwa kwa jina la bidhaa. Kwanza ilikuwa sigara ya Winston, hadi mwaka 2001. Mapatano ya mwaka 1998 baina ya makampuni ya tumbaku na majimbo ya Marekani yaliiachia kila kampuni udhamini mmoja tu wa jina la sigara, nayo R.J. Reynolds ikachagua kubaki na mbio za NASCAR. Hapana mwenye kujali afya ya vijana atakayelilia tangazo la sigara. Lakini yafaa tujiulize: ni mchezo gani huu ambao hatima yake iliamuliwa katika kikao ambacho wenyewe hawakualikwa?

Ikafuata Coca-Cola mwaka 2002. Ubingwa ukaitwa POWERade, kisha Full Throttle, kisha Mello Yello, kwa kadiri kampuni ilivyotaka kuuza chupa hii au ile. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, kampuni hiyo ilipotaka kujitoa, chama kikakimbilia mahakamani. Wakaja Camping World, na tangu mwaka 2024 jina ni la Mission, watengenezaji wa chapati za Kimeksiko.

Hata wakubwa hawakusalimika. John Force, bingwa mara 16, aliachwa na Castrol na Ford baada ya msimu wa 2014. Jeshi la Marekani lilimwacha Tony Schumacher baada ya mwaka 2018. (Jeshi kutafuta vijana kwa njia ya magari ya mbio ni jambo linalostahili makala yake.) Ikiwa hao waliachwa, fundi mwenye timu ndogo atamshika nani?

Wako watakaosema kwamba mafuta ya naitromethani hayanunuliwi kwa makofi. Ni kweli, na fedha za Mattel, watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, ziliwafaa sana Don Prudhomme na Tom McEwen mwaka 1970. Sisemi wafadhili wafukuzwe. Nasema mchezo huu unayo mali yake ambayo hauithamini ipasavyo. Kila mwenye tiketi huruhusiwa kuingia mahali mafundi wanapofanya kazi, akawaona wakiifungua injini yote na kuiunga upya kabla ya raundi inayofuata, huku moshi ukimtoa machozi. Ni viwanja vingapi vya kandanda vinavyompa mtazamaji heshima hiyo?

Basi viingilio na ada za wanachama viwe ndio msingi wa mchezo. Jina la ubingwa likodishwe kwa miaka michache tu, na katika kila mkataba fungu litengwe kuwa akiba ya zawadi, ili msimu ambao mfadhili ameshusha bango lake, mshindi alipwe na timu ndogo ziweze kurudi uwanjani.