Je, Punda Wako Huja Ukimwita?

Je, unaye punda? Kama unaye, jibu swali hili kwa ukweli. Jioni inapofika na punda wako yuko malishoni, wewe humwita akaja? Au huenda na fimbo na kamba, ukamkimbiza mpaka jua likazama?

Watu wengi watacheka wakisikia swali hili. Watasema: "Mbwa huitwa. Ng'ombe huitwa. Lakini punda? Punda ni mkaidi. Punda husikia fimbo tu." Tena watatukumbusha methali ya wazee: Shukrani ya punda ni mateke.

Mimi nasema methali hiyo tumeitumia vibaya. Wazee walitaka kuwaonya watu wasio na shukrani. Hawakutaka kutufundisha ufugaji. Maoni yangu ni haya: punda huja akiitwa, ikiwa mwito huo umemletea mema. Asipokuja, tumwangalie kwanza mwenye punda kabla ya kumlaumu punda.

Farasi anatufundisha nini?

Tuanze na farasi, ndugu yake punda. Katika vijiji vyetu farasi ni wachache sana. Sababu yake ni magonjwa. Mbung'o humdhuru farasi. Tena kuna ugonjwa mkali wa farasi wa hapa Afrika, unaoenezwa na visubi. Ugonjwa huo huua farasi wengi. Punda wetu huustahimili. Si ajabu, maana punda ni mwenyeji wa Afrika. Watu walianza kumfuga kaskazini-mashariki ya bara letu, yapata miaka 7,000 iliyopita.

Katika nchi za Ulaya farasi wako wengi. Mchana huachwa kondeni wale majani. Jioni mwenyewe husimama langoni, akaita. Farasi mmoja huja mbio. Wa pili huinua kichwa, akatazama, kisha akaendelea kula. Wa tatu husikia sauti ile ile, akakimbilia mbali.

Kwa nini watofautiane hivyo? Yule anayekuja amejifunza kwamba sauti ile huleta chakula, maji, au mkono wa kumkuna shingo. Yule anayekimbia naye amejifunza. Amejifunza kwamba sauti ile huleta kazi na mjeledi, basi.

Farasi hasahau upesi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba farasi humtambua mtu aliyemzoea, na hujua sauti ipi ni ya nani. Kwa hiyo mnyama anapokukimbia, usidhani hakujui. Pengine anakimbia kwa sababu anakujua sana.

Punda si mkaidi

Punda naye ana masikio makubwa na kumbukumbu nzuri. Hukumbuka njia ya kisimani. Hukumbuka mahali alipoumia. Hukumbuka pia mtu aliyempiga.

Lakini punda ana tabia moja inayotudanganya. Farasi akiogopa, hukimbia. Punda akiogopa, mara nyingi husimama tuli. Anataka kutazama na kujua kama kuna hatari. Sisi tukimwona amesimama, tunasema, "Huyu mkaidi," kisha tunampiga. Sasa anayo mambo mawili ya kuogopa: lile lililo mbele yake, na sisi tulio nyuma yake.

Jambo jingine, macho ya punda yako pembeni mwa kichwa. Hawezi kumwona mtu aliye nyuma yake kabisa. Ukimjia kwa nyuma kimya kimya, atashtuka, na huenda akapiga teke. Hayo ndiyo mateke tunayoyaita shukrani yake. Mjie kwa ubavuni, naye akikuona. Sema naye kabla ya kumgusa.

Hesabu ya hasara

Pengine unasema moyoni: "Mambo haya ni ya watu wenye nafasi. Mimi nataka maji yafike nyumbani." Vema. Basi tufanye hesabu.

Punda hubeba maji, kuni, na mahindi ya kupeleka mashineni. Asipopatikana asubuhi, mzigo hauishi. Unahamia kichwani mwa mama au mtoto wa shule. Wanaume, tuseme kweli. Wengi wetu hatuhesabu hasara hii kwa sababu maji si sisi tunaoyateka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Punda asiyerudi jioni hulala porini. Huko kuna fisi. Kuna wezi pia. Siku hizi ngozi ya punda ina soko, maana huchemshwa kutengenezea dawa inayotumiwa China. Punda wengi wa Afrika wamechinjwa kwa ajili ya biashara hiyo, na wengine waliibwa kwanza. Jambo hili lilikuwa kubwa hata mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Na je, ukimpoteza punda, utampata mwingine upesi? Punda jike huchukua mimba kwa muda wa mwaka mzima hivi. Huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo asibebeshwe mizigo mizito mpaka afike miaka 4. Mwaka 1 na miaka 4 ni miaka 5. Hiyo ndiyo bei ya punda mmoja aliyeliwa na fisi usiku mmoja.

Kuna watu husema: Punda afe, mzigo ufike. Hiyo ni hesabu ya siku moja. Punda akifa leo, mzigo wa kesho utafikishwa na nani? Punda akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30 na zaidi. Watu wa Lamu wanajua faida hiyo. Vichochoro vya mji wao ni vyembamba, na mizigo mingi hubebwa na punda. Tangu mwaka 1987 ipo hapo zahanati ya kutibu punda.

Jinsi ya kumfundisha

Kumfundisha punda kuja hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji subira. Fuata njia hii:

1. Chagua mwito mmoja. Unaweza kuwa jina, mluzi, au kugonga debe. Usiubadili. Watu wote wa nyumbani watumie huo huo.

2. Anza karibu. Simama hatua chache kutoka kwake, ukiwa na pumba kiganjani. Ita, kisha mpe. Fanya hivyo kila siku, hata kabla hujamtaka aje kutoka mbali.

3. Ongeza umbali kidogo kidogo. Leo hatua kumi. Juma lijalo, ng'ambo ya uwanja. Baadaye, malishoni.

4. Akija, apate kitu chema kila mara. Pumba kidogo, chumvi kidogo, maji, au kukunwa mabegani. Usimwite ukamfunga mzigo saa ile ile kila siku. Siku nyingine mwite, mpe, mwache aende zake.

5. Akichelewa kuja, usimpige anapofika. Hili ndilo kosa kubwa. Wewe unadhani unamwadhibu kwa kuchelewa. Yeye anajua amepigwa kwa sababu amekuja. Kesho hatakuja kabisa.

6. Kama unao punda kadhaa, mfundishe kwanza yule anayefuatwa na wenzake. Akija yeye, wengine humfuata.

Wale wanaobisha

Najua wako watakaobisha. Mmoja atasema: "Mimi humfunga miguu kwa kamba. Hawezi kwenda mbali." Ni kweli, hawezi kwenda mbali. Lakini hata fisi akija hawezi kukimbia. Tena kamba ikikaza humkata ngozi. Kidonda huingia nzi, naye punda hukaa siku nyingi bila kazi.

Mwingine atasema: "Pumba sina. Watoto wenyewe hawashibi." Huyo nisimdharau. Lakini ninasema habari ya kiganja kimoja, si debe. Na kama kiganja hakipo, kuna maji ambayo punda angepewa tu. Mwite kwanza, kisha mpe maji hayo. Mkono wa kumkuna nao haununuliwi.

Wa tatu atasema: "Nilimfundisha, lakini wakati wa masika haji." Hilo hutokea. Majani yakiwa mabichi na matamu, hata punda aliyefundishwa vizuri anaweza kukawia. Yeye si mashine. Nenda nusu ya njia, ita tena, ngoja.

Lakini sikia jambo hili. Punda anayekuja kila siku, akikosa kuja siku moja, amekupa habari. Huenda ni mgonjwa, amekwama matopeni, au amekamatwa. Utaondoka upesi kumtafuta, na huenda ukamwokoa. Mwenye punda anayekimbizwa kila siku hapati habari hiyo. Kwake siku zote ni sawa.

Ndugu msomaji, kijijini watu hutazamana. Tunajua nani ana shamba safi na nani ana deni dukani. Mimi ningependa tuanze kutazama jambo hili pia. Jioni mtu akisimama mlangoni kwake, akaita mara moja, na punda akaja mwenyewe bila fimbo, tumheshimu mtu huyo. Na yule anayemkimbiza punda wake kijiji kizima akimtukana, tusimcheke punda.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwandishi anasema kwamba kupigwa humfundisha punda kutokuja. Je, unakubali? Kwa nini?

2. Katika nyumba yako, punda asipopatikana, mzigo hubebwa na nani?

3. Punda wawili wamepotea katika kijiji kimoja. Mmoja huja akiitwa, mwingine haji. Ni nani atakayetafutwa mapema zaidi? Eleza.

4. Chagueni mwito mmoja wa punda wenu. Jaribuni kwa juma moja, kisha mweleze darasani mlichoona.