Pumzi Yetu na Haki ya Mavyaa



Juma hili tumeletewa suala na mama mmoja aliyeolewa Gatuanyaga, upande wa Thika. Yeye huuza mboga sokoni kila siku, na nyumbani anamtunza mavyaa yake, bikizee aliyepita miaka 70 na mwenye maradhi ya kifua. Anauliza: je, nikabu yake haitoshi badala ya barakoa? Je, si makuruhu kuswali hali mdomo umefunikwa? Na mumewe asema kuvaa barakoa mbele ya mzee wa nyumbani ni upungufu wa tawakali. Lipi la sawa?

Tuanze na nikabu. Stara na kinga ni mambo mawili. Nikabu aghalabu ni kitambaa chepesi kilichoachwa wazi chini, na pumzi hupita hapo bila kizuizi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwezi Juni 2020 kwamba barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu, nayo ishike pua, mdomo na kidevu. Basi dada yetu avae barakoa, kisha ateremshe nikabu yake juu. Vivyo hivyo mtandio unaovutwa mdomoni mtu akutanapo na askari, haufai.

Ama swala, ni kweli Abu Daud amepokea katazo la mtu kufunika mdomo wake akiswali, na wanavyuoni wakalihesabu kuwa ni makuruhu. Lakini hao hao wamefundisha kwamba karaha huondoka panapokuwa na haja. Akiswali peke yake chumbani, aivue. Akiswali jamaa pamoja na mavyaa wake, aivae, na swala yake ni sahihi.

Limebaki la tawakali. Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa njiani kwenda Sham alipashwa habari za tauni, akaazimia kurejea na watu wake. Abu Ubaida alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba wanaiacha kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf akaja na hadithi ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, yenye kukataza kuingia nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Tazameni sehemu ya pili ya katazo hilo: aliye ndani asitoke. Humo mna kuwahifadhi walio nje.

Na hiyo ndiyo maana ya barakoa. Mwenye virusi hivi huweza kuwaambukiza wengine kabla hajahisi homa wala kikohozi. Mavyaa hatoki. Misikiti ilipofunguliwa mwezi Julai 2020 kwa watu 100 na kwa muda wa saa moja, waliozidi miaka 58 waliambiwa wabaki majumbani. Basi maradhi yatamfikia kwa njia gani, isipokuwa kwa sisi tutokao na kurudi? Mtu ana haki ya kuihatarisha nafsi yake kwa kiasi gani, hilo lina maneno yake. Lakini hana haki hata kidogo ya kumhatarisha mzee asiyekuwa na pa kukimbilia. Kanuni ya dini yetu ni kutodhuru wala kudhuriana.

Nasi tukiri kosa letu. Siku za mwanzo tulikuwa tukiishusha barakoa kidevuni tunapotoa darsa, ili sauti isikike. Kumbe mtu asemapo kwa sauti ndipo vitone vya mate hutoka zaidi.

Kwa hivyo, dada yetu, urudipo sokoni nawa kwa sabuni na ubadili nguo. Umlishapo mavyaa au kumpa dawa, vaa barakoa, na madirisha yawe wazi. Mkitaka kuzungumza, kaeni barazani penye hewa, kila mmoja mahali pake. Barakoa ifuliwe kila siku, ianikwe juani, na watoto wasibadilishane. Na mweleze bikizee kwa upole, asije akadhani anaonewa kinyaa. Mwambie: najifunika kwa sababu nakupenda.

Kwako, mume wa dada yetu: huyo ni mama yako. Nawe hutoka na kurudi. Mzigo huu usimwachie mkeo pekee. Mwaka 2020 serikali iliweka faini ya hadi shilingi 20,000 kwa asiyevaa barakoa hadharani, na mwenye kumwogopa askari aliivua akishapita kona. Ndani ya nyumba hakuna askari. Humo hubaki amana tu, na Mwenye kuiuliza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atuhifadhie wazee wetu. Amin. Wallahu a'alam.