«Les Sauvages» si jina tu

Mwenzetu mmoja, mtu wa kusoma sana, alisema mbele ya watu kwamba majina ya muziki ya zamani ya dansi ya Wafaransa hayana maana: iko sawa vile namba ku mlango, ya kujua tu nyumba ni ipi. Ninamuheshimu, lakini hapana, ndugu, hapo umekosea.

Tumuulize François Couperin. Mwaka 1713, katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza cha klavesini, kile kinanda cha nyuzi, aliandika kwamba kila kipande alikitunga akiwa na jambo fulani kichwani, na majina yanafuata mawazo yale. Akaomba asidaiwe maelezo zaidi. Lakini tangu atoe «Les Barricades mystérieuses» mwaka 1717, watu hawajaacha kubahatisha: huyu anasema ni kope za macho, yule anasema ni nguo za ndani za wanawake. Mumuache mzee na siri yake! Aliomba mwenyewe.

Jean-Philippe Rameau, yeye, hakuficha kitu. Mwaka 1725 wenyeji wawili wa Amerika, watu wa Louisiana, walicheza ku jukwaa la Théâtre-Italien, Paris. Rameau akatunga kipande juu ya ile dansi, na mwaka 1727 akaeleza jambo hilo katika barua kwa Houdar de La Motte. Jina akakiita «Les Sauvages». Mwaka 1736 muziki ule ule ukaingia ku opera yake Les Indes galantes. Sasa hapo tubahatishe nini tena?

Wale wawili walikuwa na majina waliyopewa na wazazi. Kipande kilichukua dansi yao, majina kikaacha. Na sisi Wakongomani tunaijua hiyo neno, tena sana: ku kinywa chetu ni «basenji». Wakati wa Wabelgiji, mtu wa kijiji alikuwa basenji, mwenye karatasi alikuwa évolué. Babu yangu aliitwa hivyo ku kazi, naye alikuwa fundi wa ngoma. Njo maana siwezi kusikia «ni jina tu» nikanyamaza.

Wengine watajibu kwamba ku ile opera Zima, binti wa wenyeji, anawakataa Mspania na Mfaransa, anamchagua Adario wa kwao. Ni kweli, mchezo unawaheshimu kuliko jina. Lakini mara nyingi kipande kinapigwa peke yake, bila Zima, na jina linabaki.

Sitaki lifutwe. Kulifuta ni kuwaficha wale watu mara ya pili. Ninachokataa ni programu inayoandika «Les Sauvages, dansi ya kupendeza», halafu kimya. Ku darasa langu ninaandika jina ubaoni, chini yake 1725, Louisiana, watu wawili, kisha ninapigisha muziki. Wanafunzi hawangoji hata imalizike: «Mwalimu, waliitwa nani?»