Namba Yangu, Daftari la Nani?

Wananchi wenzetu, pale ambapo mizani ya elektroniki imeshika nafasi ya kalamu ya karani, mchuma chai wa Kericho hurudi nyumbani jioni akiwa amekwisha kugeuzwa tarakimu. Mkulima mdogo wa Litein au Kapkoros naye ni namba: kwayo hulipwa kila mwezi, kwayo huingoja bonasi. Hatugombani na mizani. Kalamu nayo ilikuwa na wizi wake. Tunachokataa ni mtu kuandikwa asiweze kusoma alichoandikiwa.

Wazee wetu waliyaona haya. Kuanzia 1920 serikali ya kikoloni ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande, kimetiwa ndani ya kikebe cha bati shingoni, kikiwa na alama za vidole vyake na jina la mwajiri. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 makampuni yalipanda chai katika ardhi ya Wakipsigis. Kipande kilisema mengi juu ya mtu, wala hakikumwachia mahali pa kusema neno.

Mwaka 2019 tulipangwa foleni tena, mara hii kwa Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa vinasaba vyetu. Oktoba 2021 ikaamua kwamba kadi zilitolewa bila kwanza kupimwa hatari zake kwa siri za raia. Namba hiyo ikafuatwa na nyingine, Maisha Namba.

Na tusisahau Juni 2021. Wakenya wengi walipotazama daftari la Msajili wa Vyama vya Kisiasa walijikuta wanachama wa vyama wasivyopata kujiunga navyo. Je, kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 ili vyama ndivyo vituchague sisi?

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha yetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuonyeshwa habari zake zilizohifadhiwa, na ya kudai zilizo za uongo zisahihishwe. Kwa hiyo twaziomba kamati za haki na amani makanisani, tangu Kericho mjini hadi Bomet, ziketi na wachuma chai na wakulima, ziwasaidie kuandika barua. Ya kwanza idai kilo za mwaka mzima, siku kwa siku, katika lugha ambayo aliyezichuma anaisoma.