"Sisi ni Ndugu" Si Mkataba wa Kazi



Msimu wa arusi ukikaribia, mabibi arusi wetu hutuuliza hina, shela na nyumba. Leo tuseme la kazi. Binti wa Wete au Mkoani aliyeajiriwa na kampuni ndogo ya pale pale mjini: abaki, au apande boti akatafute Unguja?

Kazi ya mji mdogo hatuidharau, ina heri zake. Ofisi iko karibu na nyumbani, hupangi chumba mji wa watu. Ikiadhiniwa Adhuhuri, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Baibui lako si mjadala. Ukifiwa, bosi ni wa mwanzo kufika mazikoni. Na kwa kuwa watu ni wachache, unajifunza yote: kuuza, kuweka hesabu, kupokea mzigo bandarini.

Lakini heri hizo hizo ndizo zinazotufunga mdomo. Bosi kasoma na baba yako, mkewe ni shoga wa mama yako. Mshahara ukichelewa, unaambiwa "vumilia mwanangu, sisi ni ndugu." Ukiuliza mkataba, huna adabu. Ukiuliza ZSSF, umekuwa mjuaji. Unaolewa, unamaliza fungate, unarudi kazini: kiti chako kishakaliwa na mpwa wa bosi, na huna hata karatasi moja ya kuonesha kwamba uliwahi kufanya kazi pale. Ukilalamika, habari zitamfikia baba yako barazani kabla wewe hujafika nyumbani.

Haya tunayapinga, na tunayapinga kwa dini yetu wenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni, wala haikuwatoa ndugu. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na wewe bibi arusi, nikaha yako ina walii, ina mashahidi, na mahari yako yanatajwa. Mbona hakuna anayesema kutaja mahari ni kutoaminiana? Basi kwa nini kutaja mshahara kwa maandishi kuwe ni utovu wa adabu?

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inampa mama aliyejifungua likizo yenye malipo. Haikuandikwa kwa ajili ya mahoteli makubwa peke yake. ZSSF nayo ipo tangu 1998.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya hina, omba mambo matatu kwa maandishi: mshahara na tarehe yake, uanachama wa ZSSF, na kazi yako kukusubiri baada ya arusi na baada ya uzazi. Omba kwa heshima, hata mbele ya mzee wako ukitaka. Na nyinyi wake wa mabosi mnaotusoma, hili lisemeni nyumbani. Yule binti ni amana mikononi mwa waume zenu.

Akiandikiwa, abaki, na Mwenyezi Mungu ambarikie riziki yake karibu na wazee wake. Akikataliwa kwa sababu "sisi ni ndugu," basi boti ipo. Udugu wa kweli hauogopi kalamu.

Wabillahi tawfiq.