Kusema ni Kutenda

Mtu akisha kubanwa na maneno yake mwenyewe, aghalabu hujitetea, "Ah, nilikuwa nasema tu." Kana kwamba kusema si kitu! Mwingereza mmoja aliyefundisha falsafa Oxford alionyesha kuwa hoja hiyo haisimami, na twaona yafaa ajulikane huku pwani zaidi ya anavyojulikana.

Bwana John Langshaw Austin alizaliwa mjini Lancaster mwaka 1911. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alikuwa afisa wa jeshi, akikusanya na kupima habari za adui kabla ya majeshi kushuka Normandy mwaka 1944. Vita vilipokwisha alirudi Oxford, na Jumamosi asubuhi alikuwa akiketi na walimu wenzake kuchambua maneno ya kila siku, moja moja, kama sonara na mizani yake. Alikufa kwa saratani mwaka 1960, akiwa na miaka 48 tu. Kitabu chake mashuhuri kilitoka mwaka 1962, nacho ni mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955.

Wanafalsafa wengi kabla yake walishika kuwa kazi ya sentensi ni kueleza jambo, likawa kweli au uongo. Austin akauliza: asemaye "naahidi" anaeleza nini? Haelezi kitu; anaahidi. Tukitoa mfano wa kwetu, bwana arusi ajibupo "nimekubali" hatoi habari za nikaha. Nikaha ndiyo hiyo inafungwa.

Bali maneno ya namna hii yana masharti yake. Asiye na mamlaka akiipa meli jina, hata akaivunjia chupa, meli haikupata jina. Na hapo Austin akaigusa talaka. Mkristo katika nchi ya Kikristo akimwambia mkewe "nimekuacha," alisema, mke hajaachika, kwani utaratibu huo kwao haupo. Kwa Waislamu mambo ni mengine. Mfano huo aliupita upesi mno. Laiti angaliketi na mafakihi, angaliona kuwa karne nyingi kabla yake walikwisha kutenga matamshi ya talaka yaliyo wazi na yale ya kinaya, wakajadiliana ni wapi nia yahitajika na wapi haihitajiki.

Wako waume wanaolitupa neno hilo kwa hasira usiku, na asubuhi wakataka lihesabiwe mzaha. Austin, ambaye hakuwa mwanachuoni wa dini, asingewasaidia. Kwake yeye ahadi isiyo na nia moyoni ni ahadi mbovu, lakini ni ahadi vilevile, na mwenye kuitoa imemfunga. Aliyeambiwa hakuuona moyo, alisikia ulimi.

Na mke aliyelisikia neno lile hawezi kungoja mpaka bwana atulie ndipo ajue kama yeye ni mke au mtalaka. Wakifika mbele ya kadhi, kadhi hana budi kuuliza ni maneno gani hasa yaliyotamkwa.